Sura ya Tisa: Azimio la Mzee Ndevu

"Una mpaka Bunge likae," Mkuu alisema. "Spika akishatangaza, dereva anapelekwa mahakamani, na mimi nafunga faili."

"Atangaze nini?"

"Kwamba muuaji kapatikana. Leo wanapitisha azimio la kumuenzi Mzee Ndevu. Familia itakaa pale juu, wapiga picha wamejaa. Unataka Spika asome sifa za marehemu halafu aseme polisi bado wanakuna vichwa?"

"Dereva hakuua."

"Kakutwa na ufunguo wa gari."

"Dereva asikutwe na ufunguo wa gari akutwe na nini, Mkuu? Sindano ya cherehani?"

Mkuu wa upelelezi alimwangalia kama mtu anayeangalia bili ya umeme. "Ndiyo maana hupandi cheo wewe. Mdomo. Nenda. Ukirudi na kitu, sawa. Ukirudi na mdomo, baki huko huko."

Mwanamke mfupi, mabega mapana, viatu vya bei rahisi. Kituo kizima walimwita Msumari, kwa sababu akiingia kwenye jambo humtoi bila kuvunja kitu. Alishuka ngazi mbili mbili mpaka mahabusu.

Dereva alikuwa amekaa chini, magoti kifuani. Alikuwa amekonda ghafla, shati linamning'inia.

"Niambie tena."

"Afande, nimeshasema mpaka ulimi umeota sugu."

"Sema tena."

"Mzee aliniambia nisimame pale kwa kinyozi, nyuma ya kituo cha mafuta. Akashuka. Akaniambia, nenda kwa watoto wako, leo naendesha mwenyewe. Nikaondoka na ufunguo wa akiba, ule ninaotembea nao siku zote. Basi. Asubuhi nasikia gari limeungua barabara ya machimbo na yeye yumo ndani."

"Na ulipowaambia wenzangu habari ya kinyozi?"

Dereva akacheka, cheko baya. "Walishikana mabega kwa kicheko. Mzee Ndevu kwa kinyozi! Mtu ambaye wembe haujamgusa tangu mimi sijazaliwa. Wakasema, kama unadanganya, danganya vizuri basi. Hapo ndipo waliponimaliza, afande. Ukweli wangu una sura ya uongo."

Msumari hakucheka. Alikuwa ameshapita kwa huyo kinyozi kila siku, anakuta kufuli. Majirani walisema amekwenda kumuuguza mama mkwe. Leo asubuhi muuza vocha wa jirani alimpigia simu: afande, jamaa yako kafungua.

"Mke wangu anajua napelekwa leo?" Dereva aliuliza.

"Hupelekwi bado."

"Gari nimelisikia likipimwa injini hapo nje, afande. Mimi ni dereva. Siwezi kudanganywa kuhusu gari."

Msumari akapanda ngazi. 

*

Kesi yenyewe ilikuwa fupi na chafu. Mzee Ndevu, mbunge wa siku nyingi, alikutwa amekaa kwenye gari lake, limeungua mpaka vyuma. Uso haukuwepo. Meno ndiyo yaliyosema huyu ni nani. Daktari alipasua, akakuta mapafu safi, hayana moshi. Maana yake alikufa kwanza, moto ukafuata. Na mkoba wake uliungulia humo humo, ukiwa na ripoti ya soko lililoporomoka na kuua watu. Mzee ndiye aliyeongoza kamati ya kuchunguza. Majina ya wenye makosa aliyaandika mwenyewe, hakumwonyesha mtu. Alikuwa ayasome Bungeni wiki ile ile.

Kwa hiyo aliyemuua alikuwa anaogopa jina lake kusomwa. Hilo hata mtoto angeliona. Ila nani?

Kinyozi alikuwa anafagia. Alipoona kitambulisho, ufagio ukamdondoka.

"Mimi nilikuwa kwa mama mkwe, afande, uliza..."

"Sijauliza habari za mama mkwe wako. Mzee Ndevu alikuja hapa?"

"Alikuja."

"Akafanya nini?"

Kinyozi akatazama mlangoni, akatazama kioo, kama vile kioo kingemsaidia. "Alininyamazisha, afande. Alisema nikimwambia mtu kabla ya harusi ataniletea balaa Bungeni. Na mimi nikaondoka kesho yake alfajiri, kule hakuna mtandao wala nini, nimerudi jana usiku ndiyo nasikia kafa..."

"Alifanya nini hapa?"

"Nilimnyoa."

"Kiasi gani?"

"Zote. Aliniambia, ninyoe mpaka nifanane na yai. Binti yake wa mwisho anaolewa. Tangu mdogo alikuwa akimlilia, baba, zinanichoma, baba, zinanichoma. Akasema nimemtesa huyu mtoto vya kutosha, siku ya harusi nataka anibusu bila kulalamika. Iwe zawadi." Kinyozi aliinama, akatoa mfuko mweupe wa plastiki chini ya droo ya mashine. "Na hizi alisema atazifuata siku yenyewe, azitie kwenye boksi la zawadi."

Msumari aliufungua mfuko. Ndevu nyeupe, ndefu, laini, nyingi kama pamba ya mto mdogo.  Mwili wote uliungua, kikabaki hiki.

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake. Alisimama hapo kwenye kioo anajishika kidevu, anacheka kama mvulana. Akasema, sasa naenda kumchekesha mtu mmoja kabla sijamliza."

"Rudia."

"Naenda kumchekesha mtu mmoja kabla sijamliza. Halafu akapanda gari, akaenda."

Msumari alikaa kwenye kiti cha kunyolewa bila kukaribishwa. Nyumbani Mzee hakufika. Binti alisema hivyo, mlinzi alisema hivyo. Kwa hiyo baada ya mlango huu, kidevu kile kilionwa na mtu mmoja tu. Yule wa kuchekeshwa. Na mtu mwenye kulizwa ni mwenye jina kwenye ripoti.

Washukiwa wawili alikuwa ameshawahoji, wote wabunge, wote wakasema mara ya mwisho kumwona Mzee ni kwenye kikao, asubuhi ya siku ile ile. Asubuhi Mzee alikuwa bado na ndevu zake. Wa kwanza ni Mama Shoka, mwanamke wa sauti kubwa, kaka yake ndiye mkandarasi aliyelijenga soko. Wa pili ni rafiki wa Mzee tangu ujana wao. Bunge zima wanamwita Kanuni, na yeye ndiye aliyeongoza kamati iliyopitisha ramani ya jengo lile.

Moyoni Msumari alishamfunga pingu Mama Shoka. Damu ni damu. Mtu akimgusa kaka yako, unachoma hata nchi.

Akamwambia kinyozi afunge duka, asiende popote, hata kama mama mkwe ameamua kufa.

*

Ofisi ya maazimio ilikuwa chini kabisa ya jengo la Bunge, mwisho wa korido. Humo alikaa mama mmoja mnene, miwani shingoni kwa kamba, ambaye kazi yake tangu aajiriwe ni kuandika sifa za watu waliokufa. Walimwita Mama Rambirambi, na yeye aliitika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa marehemu gani?"

"Mzee Ndevu."

"Jalada la kijani hapo. Usinichanganyie."

Msumari akalivuta. Karatasi ya juu ilikuwa mpya. Ya chini yake ilikuwa ya njano, imekunjika pembe, na maneno yalikuwa yale yale: Bunge hili, kwa majonzi makubwa, linamuenzi...  Akainyanyua.

"Mama. Hii karatasi imezeeka kuliko msiba. Nani alijua Mzee atakufa?"

Mama Rambirambi alicheka mpaka miwani ikamruka kifuani. "Wote wanaovuka miaka sabini ninao humu, mwanangu. Unadhani mtu akifa usiku nitatunga asubuhi? Spika mwenyewe nimeshamzika mara tatu. Kila akipata cheo kipya namfukua, nazika upya."

"Anajua?"

"Anakuja kusoma! Mwaka jana aliniambia niongeze neno 'mcheshi'. Nikamwambia, Mheshimiwa, naandika nilichokiona."

Msumari akairudisha karatasi. Dakika nzima ya maana imepotea kwenye upuuzi, na huko juu watu wa kamera walikuwa wanafunga taa. "Na polisi je? Tuna azimio?"

"Nyie mnapewa bendera ya juu ya jeneza. Mnairudisha."

"Nieleze linavyopitishwa. Haraka."

Mama Rambirambi akaeleza huku akigonga mihuri. Atakayelisoma na atakayeliunga mkono, wote wawili wanakuja kwanza kwenye chumba hiki. Kila mmoja analisoma kwa sauti mbele yake na kusahihisha kisicho kweli, kwa sababu azimio la marehemu likishapita halirekebishwi tena, hata ukija na malaika. Kule ndani familia inaleta kitu kimoja cha marehemu, kinawekwa mezani mbele ya msomaji. Wabunge wote wanasimama. Msomaji akimaliza, Spika anamuuliza: unathibitisha? Akisema nathibitisha, wanakaa, limepita.

"Kura je?"

"Nani atampigia kura maiti?"

"Wasomaji leo ni nani?"

"Kanuni anasoma. Mama Shoka anaunga mkono. Wanashuka sasa hivi."

Msumari aliinua kichwa polepole. Wote wawili. Kwenye chumba hiki. Kusoma kwa sauti.

"Mama, niongezee sentensi moja."

Aliandika kwenye kiganja, akamwonyesha. *Ndevu zake nyeupe, alizoishi nazo, ndizo alizoondoka nazo duniani.*

"Nzuri," Mama Rambirambi alisema. "Inaliza. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni uongo."

Mihuri ikasimama. "Mwanangu. Unanitia uongo kwenye azimio?"

"Kuna mtu chini kituoni kwetu anasubiri kuoza gerezani kwa kosa la mwingine. Mtu anayejua kwamba huu ni uongo ni mmoja tu, na ndiye ninayemtafuta."

"Na ukikosea? Nakala zinakwenda kugawiwa kwa wabunge wote!"

"Nikikosea, Mzee anabaki na ndevu zake milele, dereva anabaki ndani, na mimi na wewe tunauza mitumba."

 Mama Rambirambi akavaa miwani, akaandika.

*

Msumari alijibanza kwenye kijichumba cha mashine ya nakala, mlango ameuacha wazi upana wa vidole. Mashine ilikuwa ya moto, jasho likamteremka mgongoni.

Mama Shoka aliingia kwanza, akisikika tangu ngazini.

"Mama Rambirambi! Nipe hiyo kitu niisome nikalie huko mbele, nisije nikalia kabla nikamaliza machozi!"

Alisoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Aya ya kwanza, ya pili. Msumari alishika mlango. Aya ya tatu. Vidole vikamuuma.

"...'Ndevu zake nyeupe, alizoishi nazo, ndizo alizoondoka nazo duniani.'" Mama Shoka akavuta kamasi. "Kweli kabisa. Na huko alikokwenda walianza kuziona ndevu, yeye akafika baadaye. Mzee alinitukana kaka yangu mchana kweupe, lakini alinitukana usoni. Nipe kalamu."

Akasaini. Akatoka. Hakusita hata kidogo.

 Mwanamke yule hakujua. Pingu zote alizomfunga kichwani zilifunguka zenyewe, zikaanguka. Na kama Kanuni naye angepita hivyo hivyo, basi hakuna kilichobaki ila mfuko wa nywele na gari lililokwisha pimwa injini.

Kanuni aliingia bila kelele. Mzee mwembamba, shati limenyooshwa mpaka linakata, kalamu nyekundu mfukoni. Ndiye aliyewahi kusimamisha kikao kizima kwa sababu waziri aliingia na koti halijafungwa kifungo.

"Habari za kazi, mama."

"Salama, Mheshimiwa. Pole na rafiki."

"Ahsante." Akakaa. Akatoa kalamu. Akaanza kusoma, sauti tambarare, kalamu ikifuata mstari kwa mstari. Akaongeza nukta mahali. Akabadilisha "wilaya" kuwa "jimbo". Aya ya tatu.

"'Ndevu zake nyeupe...'"

Kalamu ikapita juu ya mstari. Chwaaa. Wala hakufikiri. Mkono ulitangulia akili, kama mtu anayefukuza nzi.

"Hii ondoa," alisema, na kuendelea na aya ya nne.

"Nini, Mheshimiwa?" Mama Rambirambi alivua miwani. "Mzee Ndevu bila ndevu? Watu watanicheka."

"Wacheke. Bunge halipotoshwi. Alikuwa amenyoa."

 Mashine ya nakala ilikuwa inanguruma peke yake.

Msumari akatoka. "Ulimwona wapi?"

Kanuni hakushtuka. Alifunga kalamu kwanza. "Afande. Hujambo."

"Sijambo. Uliniambia mara ya mwisho ulimwona kwenye kikao cha asubuhi. Asubuhi alikuwa na ndevu mpaka kifuani, wabunge wote walimwona. Amenyoa saa ngapi, na wewe umemwona saa ngapi?"

"Sikumwona. Nilisikia."

"Kwa nani?"

"Kwa familia. Nilikwenda kuwapa pole."

Msumari akafungua mlango wa korido. Kwenye benchi alikaa msichana mwenye nguo nyeusi, kofia ya baba yake mapajani. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama.

"Kitinda, njoo. Baba yako alinyoa ndevu lini?"

Msichana alimwangalia kama ametukana msiba. "Baba? Hakunyoa. Nimemwomba tangu nina miaka minne, dada. Hakunyoa." Akamwona Kanuni. "Baba mdogo, kuna nini?"

Kanuni alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini mikono ilikuwa imetulia. Mikono hiyo ndiyo iliyomtisha Msumari. Aliichukua ile nakala yenye mstari mwekundu, akaikunja mara moja, mara mbili, akaitia mfukoni.

"Hiyo ni kielelezo," Msumari alisema. "Iweke mezani. Na mikono yako mbele."

"Ndani ya viwanja hivi, afande, hakuna askari anayemkamata mbunge bila ruhusa ya Spika. Na Spika akishaingia ukumbini haombwi ruhusa mpaka kikao kiishe." Kengele ikaanza kulia juu yao, ndefu, kama iliyoambiwa. "Ameingia."

Akachukua nakala nyingine mezani. Safi, isiyo na alama. Ile yenye uongo mzima.

Msumari akaelewa. Kanuni anaenda kuusoma. Atausoma ulivyo, ndevu na yote, atathibitisha, na utakuwa ukweli wa Bunge usiorekebishika. Spika atatangaza dereva. Mstari mwekundu utaishia kwenye choo cha wabunge. Na afande atabaki na neno lake na la mama mmoja wa mihuri dhidi ya mtu ambaye hajawahi kusema uongo humu ndani.

"Umenipa sentensi nzuri," Kanuni alisema, akatoka.

*

"Alinyoa?" Kitinda aliuliza. "Nani alimwambia? Kwa nini anasema alinyoa?"

Hakukuwa na muda wa kutafuta maneno laini, na Msumari hakuwa nayo hata penye muda. Akatoa mfuko ndani ya koti.

"Alinyoa kwa ajili yako. Iwe zawadi ya harusi. Aliziacha kwa kinyozi, nimezichukua leo."

Kitinda aliupokea. Hakulia. Aliingiza vidole viwili, akagusa, akavitoa haraka kama alivyofanya akiwa mtoto.

"Zinachoma," alisema.  "Baba mdogo alijuaje?"

 Msumari akamwacha afike mwenyewe. Iliuma kutazama.

"Alimfuata yeye," Kitinda alisema taratibu. "Kila utani wake baba alianzia kwake."

"Kitinda, nisikilize. Kitu gani cha baba mnapeleka mezani?"

Msichana alitazama kofia. Kisha mfuko.

"Huo ni kielelezo," Msumari alisema. "Hautakiwi hata kutoka mkononi mwangu. Ukipotea, nimekwisha mimi, na dereva wenu amekwisha." Kengele ilikatika. "Nenda nao."

*

Kule juu kwenye viti vya wageni Msumari aliambiwa asisimame, akasimama. Chini wabunge walikuwa wima, kila mtu na nakala yake. Mpambe wa Bunge alimwongoza Kitinda mpaka mezani. Watu walitarajia kofia. Msichana akaweka mfuko, akaufungua mdomo, akaukunja nyuma ili kilichomo kionekane, na akarudi. Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mabati. Spika alivaa miwani. Mbele yake kulikuwa na karatasi ndogo, tangazo la polisi, na mkono wake ulikuwa juu yake.

Kanuni alikuwa ameshasimama. Aliutazama mfuko mara moja tu, akainua karatasi.

Akasoma vizuri. Hakuna aliyewahi kusoma vizuri vile. Aya ya kwanza, Mzee akizaliwa kwa watu wa kawaida. Aya ya pili, Mzee akiingia Bungeni na viatu vya kuazima. Mama Shoka alikuwa ameshaanza kulia. Aya ya tatu.

"'Ndevu zake nyeupe,'" Kanuni alisoma, "'alizoishi nazo, ndizo alizoondoka nazo duniani.'"

Hakutetemeka. Msumari alishika chuma cha mbele yake. Ametamka. Ameutamka wote.

Aya ya nne. Mwisho.

"Mheshimiwa," Spika alisema, "unathibitisha?"

Bunge zima lilikuwa limeshaanza kukunja magoti, lile neno lilikuwa la kawaida mno.

Halikuja.

Magoti yakanyooka tena. Kanuni alikuwa amefungua mdomo. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko, kwenye ule weupe uliokuwa umefura kidogo kwa upepo wa feni. Mtu mmoja alikohoa. Msumari alihesabu pumzi zake akapotea hesabu.

"Mheshimiwa. Unathibitisha?"

Mkono wa Kanuni ulikwenda mfukoni. Mpambe akasogea hatua. Mkono ukatoka na kalamu nyekundu. Akaiweka karatasi juu ya meza, akainama, akapiga mstari. Kule juu wote waliusikia.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "aya ya tatu ina maneno ambayo si kweli. Naomba yaondolewe."

"Kwa sababu gani?"

"Alikuwa amenyoa."

"Umejuaje, Mheshimiwa?"

Kanuni alijishika kidevu chake mwenyewe.

"Alinijia nyumbani. Alisimama mlangoni hivi. Nilicheka, Mheshimiwa Spika. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu akaniambia jina langu ni la kwanza kwenye ripoti."

 Kitinda alikuwa ameziba mdomo kwa kofia ya baba yake.

Spika aliichukua ile karatasi ndogo ya polisi. Akaikunja. Akaiweka chini ya kitabu. "Mpambe," alisema, "fungua mlango. Kuna afande huko juu, mwambie ruhusa anayo."

Simu haziruhusiwi kwenye viti vya wageni. Msumari alikuwa ameshapiga.

"Mkuu. Dereva yuko wapi?"

"Kwenye gari. Tuko getini, injini inawaka. Vipi, Spika ameshatangaza?"

Chini wabunge walikuwa bado wamesimama, wote, karatasi mkononi, kwa sababu hakuna mtu aliyewaambia wakae.

"Zima gari," Msumari alisema, akaanza kushuka ngazi.